Kufungua na Kufunga: Historia ya Maneno ya Gereji Mkoani Mara

Utangulizi

Watu wengi wanapozungumzia istilahi huwa wanakusudia majina. Mtu akisemwa kuwa anaunda istilahi za udaktari, tunatazamia orodha ya majina ya viungo na maradhi. Akisemwa kuwa anashughulikia istilahi za magari, tunatazamia orodha ya vyuma. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo yametupotosha, na kwamba katika ufundi wa magari hazina kubwa ya Kiswahili haimo katika majina bali imo katika vitenzi. Ushahidi wetu tumeupata katika gereji za Musoma, Bunda na Butiama, nasi tutautegemeza juu ya kazi moja tu, ambayo kila fundi wa injini anaijua: kufungua manifoldi ya kuingizia hewa na kuifunga tena.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuinamia injini, yafaa kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Injini hupumua. Hewa huvutwa kupitia chujio, na katika magari ya zamani ya petroli hupita kwenye kabureta, ambamo huchanganyika na petroli. Mchanganyiko huo huingia katika bomba lenye matawi yanayoelekea kwenye matundu ya silinda. Bomba hilo la matawi ndilo manifoldi ya kuingizia; iko nyingine ya kutolea moshi, ambayo huuongoza moshi hadi kwenye bomba la ekzosi. Kati ya manifoldi na kichwa cha silinda huwekwa gasketi ili pasiwe na mwanya. Gasketi ikipasuka, au nati zikikazwa ovyo, injini huvuta hewa ambayo kabureta haikuipima. Hewa huzidi petroli. Injini hutetemeka gari likiwa limesimama, hupata joto kuliko kawaida, na gari huwa, kama wasemavyo mafundi, "linamisi".

Tabaka za maneno

Anayeichunguza lugha ya gereji hukuta tabaka juu ya tabaka. La chini kabisa ni la mhunzi. Kabla gari halijafika kandokando ya Ziwa, Wazanaki na majirani zao walikuwa na wahunzi wao waliofua majembe na mikuki, na kazi ya mhunzi haikuwa mbali na kazi ya injini kama inavyodhaniwa, maana naye aliishi kwa hewa iliyoongozwa kwa mvukuto hadi kwenye moto. Kiswahili cha gereji kimerithi vyombo vya mhunzi bila kuvibadili majina: nyundo, koleo, tindo.

Juu ya tabaka hilo yamelala maneno yaliyokuja kwa bahari. Bomba na parafujo tuliyapata kwa Wareno. Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi, na karakana asili yake ni Kiajemi, maana yake nyumba ya kazi. Mwisho limekuja tabaka la Kiingereza, ambalo ndilo nene kuliko yote: injini, spana, nati, bolti, plagi, kabureta, gasketi, manifoldi. Yafaa ikumbukwe kwamba hata kwa Waingereza neno hili la mwisho halikuzaliwa gerejini. Lilikuwa neno la kale la kawaida lenye maana ya "namna nyingi", na mafundi wao wakaliazima kwa bomba lenye njia nyingi. Fundi wa kila taifa huanza na neno lililo karibu na mkono wake.

Gari la moto liliingia nchini wakati wa Wajerumani. Mwezi Agosti 1907 Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akafika Swakopmund, kwenye pwani ya Atlantiki, mwezi Mei 1909. Safari ya karibu miaka miwili katika nchi isiyo na barabara za magari haikuweza kukamilika bila kufungua vyuma na kuvifunga tena njiani. Lakini katika sehemu za Mara njia kuu ya mizigo kwa muda mrefu ilikuwa ni maji. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, na meli za Ziwa ndizo zilizoiunganisha Musoma na reli hizo. Malori yaliongezeka kadiri pamba ya Bunda na vijiji vya jirani ilivyohitaji kufikishwa viwandani na bandarini, na kadiri machimbo ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba, ambayo yako jirani na Butiama, yalivyohitaji mafuta, vipuri na chakula. Mahali penye mitambo hapakosi karakana, na penye karakana hapakosi kijana anayeshika taa huku akitazama.

Vita vya 1939 hadi 1945 viliongeza shule nyingine. Askari wengi wa Afrika Mashariki walijifunza udereva na umakanika jeshini, na lugha ya amri jeshini ilikuwa Kiswahili, kile kilichoitwa Kiswahili cha keya. Waliporudi makwao walirudi na ujuzi wa mikono, na vilevile maneno ya kuufundishia.

Hapa pana jambo linaloihusu Mara kwa namna ya pekee. Katika mkoa huu hakuna lugha moja ya kienyeji iliyozimeza nyingine. Katika gereji moja ya Musoma unaweza kumkuta Mjita ameinamia injini, Mkurya akimpa spana, Mluo akichomelea bodi, na mwenye gari ni Mzanaki au Mwikizu. Watu hao hawakungoja kuambiwa na mtu yeyote watumie Kiswahili. Kazi yenyewe iliwaamuru. Kwa hiyo Kiswahili cha ufundi hakikuletwa Mara na vitabu. Kilikuwa kimekwisha kukomaa kabla vitabu havijafika.

Mahali pa vitabu

Vitabu navyo vina historia yake. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja ilishughulika zaidi na tahajia na vitabu vya shule, na kamusi yake iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Baada ya Uhuru ilikuja hatua kubwa ya mwaka 1967, Kiswahili kilipotangazwa kuwa lugha ya shughuli za Serikali, na Baraza la Taifa la Kiswahili likaundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka huohuo. Kuanzia 1974 Baraza lilitoa orodha za Tafsiri Sanifu, na mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu.

Utaratibu uliofuatwa katika kuunda istilahi unajulikana: kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Ni utaratibu mzuri, wala hatuna nia ya kuubeza. Ila katika kuutumia, sisi wafasiri tumeuelekeza zaidi kwenye majina. Tumeuliza "chuma hiki kiitweje?" mara elfu, na mara chache tumeuliza "mkono unapokishika chuma hiki unafanya nini?"

Chuma kigeni, mkono wa nyumbani

Msomaji na amsikilize fundi anayemfundisha mwanafunzi wake kutoa manifoldi. Atamwambia achomoe waya wa betri. Afungue chujio la hewa. Achomoe bomba la petroli na kuliziba mdomo. Alegeze nati kidogo kidogo, akianzia kwenye ncha na kuelekea katikati. Kisha azifungue, aivute manifoldi taratibu, azibe matundu kwa kitambaa safi kisidondokee kitu ndani, abandue gasketi ya zamani, na mabaki yake ayakwangue bila kuparuza.

Tuzitazame hizo kauli. Majina karibu yote ni ya kigeni. Vitenzi vyote ni vyetu. Tena kila kimoja kina mpaka wake. Kulegeza si kufungua: nati iliyolegezwa bado imo katika uzi wake, iliyofunguliwa imo mkononi. Kuchomoa ni kutoa kilichoingia tunduni; kubandua ni kutoa kilichogandamana na uso wa kitu. Kukwangua huondoa uchafu tu, bali kuparuza huacha alama juu ya chuma, na alama hiyo, hasa juu ya alumini, ndiyo itakayopitisha hewa kesho. Mfasiri asiyeijua mipaka hiyo ataandika "ondoa" mahali pote, na fundi atakayemsoma hatajua aondoe kwa namna gani.

Isitoshe, lugha yetu ina kipawa kinachofaa kazi hii kuliko nyingine yoyote. Kitenzi cha Kibantu huweza kupinduliwa kwa kubadili mwisho wake: funga na fungua, chomeka na chomoa, bandika na bandua, pachika na pachua, ziba na zibua. Kazi yote ya fundi, kufungua na kufunga, imo ndani ya sarufi yetu tangu zamani. Mtoto aliyejua kuziba na kuzibua mtungi amekwisha kupata nusu ya lugha ya gereji.

Hazina hiyo iliongezeka zaidi wakati wa dhiki. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vipuri viliadimika nchini kwa miaka kadhaa. Gasketi haikununuliwa, ilichongwa. Fundi alilaza karatasi ngumu juu ya uso wa chuma, akaigonga taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo kando ya kila tundu, mpaka ukingo wenyewe wa chuma ukaikata karatasi kwa umbo lake. Wengine waliipaka grisi kabla ya kuipachika. Gari lilikwenda. Ufundi huo haukuwa na kitabu. Ulikaa katika vitenzi vichache vilivyotoka kwa mzee kwenda kwa kijana.

Kosa letu

Tunayoyasema hatukuyapata kwa kusoma tu, bali kwa kukosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tuliombwa kufasiri mwongozo mfupi wa matengenezo kwa ajili ya magari ya Land Rover ya petroli. Katika injini hiyo manifoldi ya kuingizia na ya kutolea moshi zipo upande mmoja, zimefungwa pamoja kwa bolti, nazo hutumia gasketi moja kwenye kichwa cha silinda. Kwa hiyo hutolewa pamoja, kisha hutenganishwa mezani. Sehemu ya kufungua tuliifasiri kwa uangalifu, hatua baada ya hatua. Tulipofika sehemu ya kufunga tuliona kuwa ni marudio matupu, tukaifupisha kwa sentensi moja: "Rudisha kwa kufuata hatua zilizotangulia kwa kinyume." Maelezo machache yaliyosalia tuliyaacha kwa kuona kwamba fundi atayafahamu mwenyewe.

Kijana mmoja katika gereji ya Bunda hakuyafahamu, maana hakuandikiwa. Alifuata maneno yetu kama yalivyo. Kwa kuwa hatua ya mwisho ya kufungua ilikuwa ni kuzitenganisha manifoldi mbili, yeye alianza kwa kuziunganisha mezani na kuzikaza kwa nguvu zake zote. Kisha akazipandisha kwenye kichwa cha silinda na kuzikaza huko. Lakini zikikazwa kwanza mezani, nyuso zake hazilali sawa juu ya kichwa cha silinda. Upande mmoja hugusa na mwingine huacha mwanya. Kijana alipoona mwanya alizidi kukaza, na sikio la manifoldi likapasuka bila yeye kujua. Gari hilo lilikuwa la kupeleka chanjo vijijini. Lilianza kumisi kabla ya kufika Makutano, mahali ambapo barabara ya Butiama huachana na ile ya Musoma, na hapo likazimika. Makasha ya chanjo yalihamishiwa kwenye basi barafu ikiwa inayeyuka, na gari likakaa siku nyingi likingoja manifoldi nyingine.

Tulipopata habari tulikwenda Bunda na mwongozo wetu mkononi. Mzee mwenye gereji aliusoma wote, polepole, kisha akaturudishia.

"Mwalimu," alisema, "vyuma vyote mmevitaja vizuri. Kazi ya mkono ndiyo mmeiacha. Hapa mlitakiwa kumwambia kijana ashikize kwanza."

Tulimwuliza maana yake. Alichukua nati, akaizungusha kwa vidole viwili mpaka ikagusa, akaiacha. "Huku ndiko kushikiza. Chuma kimeshikwa lakini bado kinaweza kusogea. Unazishikiza zile bolti zinazounganisha manifoldi mbili. Unapandisha. Unakaza nati za kwenye kichwa, kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vyuma vikishalala, ndipo unarudi kukaza zile bolti za kati. Hizo ndizo za mwisho."

Neno hilo halikuwa geni. Ni neno la kila siku, ndilo lililozaa kishikizo cha nguo. Nasi tulikuwa tukilijua. Ila hatukulihesabu kuwa istilahi, kwa kuwa si jina la kitu, na kwa kuwa halikuwa na sura ya kitaalamu. Kwa kulikosa neno moja la nyumbani tulivunja chuma cha watu na kuhatarisha chanjo za watoto.

Tulirudi tukaufungua mwongozo mzima na kuufunga upya. Katika kazi hiyo tulijifariji kwa mfano wa mtu wa Butiama mwenyewe. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Hakuridhika, akaipitia tena, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Ikiwa Rais wa nchi, pamoja na shughuli zake zote, aliona si aibu kuibomoa tafsiri yake na kuijenga tena, mfasiri wa mwongozo wa gari ana udhuru gani?

Kutoka kabureta hadi plastiki

Leo magari mengi yanayopita kati ya Musoma, Bunda na Butiama hayana kabureta. Petroli hupulizwa kwa vifaa vinavyoongozwa kwa kompyuta, na katika magari madogo mengi manifoldi ya kuingizia si chuma tena, ni plastiki ngumu. Gasketi yake ni mpira uliolazwa katika mfereji. Hapa ufundi wa miaka ya dhiki hauwezi kusaidia: karatasi iliyogongwa kwa nyundo haiwezi kushika nafasi ya mpira huo, na nguvu ya mkono iliyozoea chuma huipasua plastiki.

Mabadiliko hayo yanatudai maneno, lakini si majina peke yake. Kitenzi "kaza" kilichotosha kwa chuma hakitoshi kwa plastiki. Tunahitaji kuandika "kaza kwa kipimo", na kukitaja kipimo chenyewe, ili kijana ajue kwamba spana ya kupimia nguvu si anasa. Jina gasketi nalo limebaki lilelile ingawa kitu kimebadilika, na mwongozo usiosema "mpira" humwachia msomaji mazoea ya karatasi. Tangu sheria ya mwaka 1994 ilipoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, vijana wengi zaidi wamepata kujifunza ufundi darasani, na sasa maandishi yetu yanafika mahali ambapo zamani ilifika sauti ya mzee tu. Kosa la maandishi husafiri mbali kuliko kosa la sauti.

Hitimisho

Tuna mapendekezo matatu. La kwanza, kila orodha ya istilahi za ufundi iambatane na orodha ya vitenzi vyake, na kila kitenzi kielezwe mpaka wake na jirani yake: shikiza, bana, kaza, legeza, fungua, chomoa, bandua. La pili, mfasiri asiandike "kwa kinyume" mahali ambapo hajaithibitisha kila hatua kwa macho yake. Kufunga si kufungua kulikogeuzwa. Kuna hatua ambazo hazina kinyume. Hakuna kinyume cha kukwangua, na kitambaa kilichosahauliwa tunduni hakitajitoa chenyewe.

La tatu ni kuhusu jina lenyewe. Tulipata kumpendekezea mzee wa Bunda neno "bombatawi" badala ya manifoldi. Alilifikiri kwa muda, akasema ni neno zuri, na kwamba angelitumia kumweleza mwanafunzi. "Lakini nikilisema dukani Musoma," akaongeza, "nitapewa bomba la maji." Kwa maoni yetu hukumu hiyo ni ya haki. Manifoldi libaki kuwa jina, maana ndilo linaloleta kipuri. Bombatawi liwekwe pembeni yake kama maelezo, maana ndilo linaloleta fahamu. Wakati ukifika lenyewe litachagua nafasi yake.

Tunawaomba walimu wa ufundi, wafasiri na watumishi wa idara zenye magari waviandike vitenzi wanavyovisikia katika karakana za sehemu zao, pamoja na maelezo ya kazi yenyewe, na kuviwasilisha kwa Baraza. Wazee waliochonga gasketi kwa nyundo wanapungua, na maneno yao mengi hayajapata kuandikwa mahali popote.